Kapsheni Niliyoifuta Komote

Wacha nianze kwa kukiri. Mwaka jana nilifika kwenye kijiji cha wavuvi huko Ziwa Turkana, nikatoa simu kabla hata sijasalimia watu vizuri, nikapiga video ya sekunde arobaini. Maji ya kijani, mawe meusi, vibanda vya majani, hakuna mtu. Juu yake nikaandika: "Kijiji kimya kuliko vyote Kenya." Nilikuwa nangoja tu mtandao ushike niipakie.

Sikuipakia. Leo nawaambia kwa nini.

Kwa wale wageni hapa, mimi ni msichana wa Korbesa, kule Merti, Kaunti ya Isiolo. Kutoka Isiolo mjini mpaka kwetu ni safari ya kula vumbi mpaka meno yanakwaruza. Nyumbani kuna Mto Ewaso Nyiro, kuna ngamia, kuna mbuzi, na juu yetu kuna uwanda wa Merti uliojaa mawe meusi ya volkano ya zamani. Kwa hivyo mawe meusi hayanitishi. Kilichonishtua ni maji. Mimi ni mtoto wa mto ambao ukiendelea kushuka unamezwa na mabwawa ya Lorian na kupotea. Halafu siku moja, baada ya kupita Laisamis na kuendelea kaskazini magharibi kwenye ile barabara ndefu, gari likapanda kilima, likashuka, na mbele yangu kukawa na maji mpaka macho yakachoka. Wasee, nilinyamaza.

Kitu cha pili mnachofaa kujua ni kwamba kwetu samaki si chakula. Sizungumzii dini, samaki ni halali bila shaka. Nazungumzia mila. Sisi Waborana ni watu wa ng'ombe, na nimekua nikisikia wazee wakitaja "wala samaki" kwa ile sauti ya kutaja mtu aliyeshindwa na maisha. Mtu mwenye ng'ombe anakula nyama na anakunywa maziwa. Asiye na ng'ombe ndiye anaingia majini. Hatukufundishwa hivyo kwa ubaya, tulikua nayo tu, kama vile mtu anavyokua na lafudhi.

Na hiyo lafudhi ndiyo niliyokwenda nayo Komote.

Ukifika Loiyangalani, mji mdogo wa mitende na upepo, unaona upande wa mashariki Mlima Kulal, zaidi ya mita 2,200, nao ni mlima wa volkano. Ukitazama ziwani unaona Kisiwa cha Kusini, mgongo mweusi uliotoka majini, volkano pia. Huko katikati ya ziwa kuna Kisiwa cha Kati chenye kasoko, yaani midomo ya volkano, na ndani ya kasoko hizo kuna viziwa vyake vyenyewe. Kusini kabisa kuna volkano inayobeba jina la Teleki. Eneo zima limepikwa na moto. Juu ya hayo mawe, kaskazini kidogo ya mji, ndiko wanakoishi Waelmolo, kwenye vijiji vya Layeni na Komote. Sensa ya 2019 iliwahesabu kama watu 1,100 hivi. Shule moja ya sekondari ya Nairobi inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko hao.

Tulivuka kwenda Komote kwa boti saa nne asubuhi. Mwenye boti alikuwa kijana wa rika langu, mcheshi, aliyeniambia nishike kofia kwa sababu upepo wa hapa hauna adabu. Tulipofika nikapiga ile video. Mama mmoja alikuwa ameketi kivulini anasuka majani ya mkoma. Nikamwendea, nikamwonyesha simu kwa kujivunia.

"Umeandika nini hapo, binti yangu?" akauliza kwa Kiswahili safi.

Nikamsomea.

Akacheka mpaka akaweka kazi chini. "Kimya? Wanaume wako ziwani. Watoto wako shule, wamevuka na boti. Hawa wengine wameingia ndani sababu ya jua. Wewe umekuja saa ya kulala halafu unasema tumekufa?"

Niliona haya, walahi. Lakini mzee mmoja aliyekuwa karibu hakucheka. Alisema polepole, "Mwache. Kuna kimya kingine hajakiuliza."

Nikakaa chini, nikauliza. Nilichosikia siku hiyo, pamoja na nilichosoma kabla na baadaye, ndicho kilichonifanya nifute yale maneno. Nimegundua kwamba kimya cha Komote kina tarehe. Unaweza kukipanga kwenye kalenda.

Tarehe ya kwanza ni 1888. Shuleni tulifundishwa kwamba Machi mwaka huo tajiri mmoja kutoka Austria-Hungaria, Count Samuel Teleki, pamoja na mwenzake Ludwig von Höhnel, "waligundua" ziwa hili. Wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Fikiria, Rudolf hakuwahi hata kuliona, na Januari 1889, kabla ya mwaka kuisha, alikuwa amekufa. Ila ziwa likabaki na jina lake mpaka 1975, ndipo likaitwa Turkana.

Sasa angalia wale waliofuatana na Teleki. Msafara ulitoka Pangani, na wapagazi wake walikuwa watu wa pwani, mamia yao, wakizungumza lugha hii hii unayosoma. Aliyewasaidia na njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeijua bara kuliko mzungu yeyote. Majirani nao walikuwa na jina la ziwa tayari: Basso Narok, ziwa jeusi. Na ukingoni kulikuwa na wavuvi wenye nyavu na machusa. Kwa hivyo ziwa lilikuwa na jina, lilikuwa na watu, na hata Kiswahili kilifika siku moja na Kijerumani. Aliyekosekana ni mtu wa kuandika hayo. Kuna watu walikuwa pale miaka yote, wakaingia kwenye kitabu kama sehemu ya mandhari, kama vile mimi nilivyowaingiza kwenye video yangu.

Hata jina Elmolo halikutoka kwao. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba lilitoka kwa majirani wanaosema Kimaa, wenye ng'ombe, na maana yake ni watu wanaoishi kwa samaki. Wenyewe wana jina lao, Gurapau, watu wa ziwa. Tazama tofauti hapo. Mmoja anakutaja kwa kile unachokula, ambacho yeye hawezi kukigusa. Mwingine anajitaja kwa mahali anapotoka. Nilipofahamu hilo nilikumbuka ile sauti ya wazee wa kwetu, nikajua sisi hatukuwa mbali na hiyo hadithi. Tulikuwa ndani.

"Nyinyi wenye ng'ombe mlikuwa mkipigana," mzee aliniambia, akionyesha kwa fimbo upande wa bara, "na ng'ombe wakiisha mnakuja kutafuta wengine. Sisi tulirudi majini. Maji ndiyo yalikuwa boma letu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza choo kiko wapi.

Tarehe ya pili ni miaka ya 1970, na hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Kielmolo kilikuwa lugha ya ukoo wa Kikushi, karibu na lugha ya Wadasenach na Waarbore wa upande wa Ethiopia. Kiborana nacho ni Kikushi. Yaani lugha yao na yangu zilikuwa binamu. Wataalamu wa lugha waliofika miaka hiyo kuiandika walikuta wazee wachache tu waliobaki nayo. Wengine wote walikuwa wamehamia Kisamburu, kwa sababu ya ndoa, kwa sababu ya soko, na kwa sababu ni vigumu kuendelea kusema lugha ambayo kila jirani anaidharau. Hakuna sheria iliyopigwa ya kuimaliza. Iliisha nyumbani, mtoto mmoja baada ya mwingine akijibu nyanya yake kwa lugha nyingine.

Nikamwuliza mzee kama anakumbuka maneno. Akataja machache, ya samaki na ya upepo. Halafu akataja Waaq.

Hapo nilishtuka. Waaq ni Mungu. Sisi nyumbani tunasali kama Waislamu, lakini nyanya yangu akishangaa au akiumwa jina linalomtoka kwanza ni hilo hilo, Waaqa. Nimesafiri siku mbili kwenda kuona "watu tofauti", na jina la Mungu ni moja. Binamu amekuwa akiishi pale miaka yote na sisi tukimwita mla samaki.

Tarehe ya tatu ni 1977, mwaka ambao Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Kwa sisi wengi hiyo ni habari njema, na mimi siwezi kuipinga. Bila hiyo pengine leo tungekuwa tunaonyeshwa ndovu kwenye picha tu. Lakini kwa Waelmolo, kumwinda kiboko kwa chusa ilikuwa zaidi ya nyama. Kijana aliyemchoma kiboko aliheshimiwa, akaimbiwa, akawa mtu. Ni kama vile kwetu mtu anavyopata jina kwa ajili ya mifugo. Sheria moja ilipitishwa mbali, kwa sababu nzuri, na bila mtu kukusudia ikafunga mlango ambao vijana wao walipitia kuwa wazee. Sioni dalili kwamba kuna mtu aliyefika hapa kuwauliza wangependa kuweka nini mahali pake.

Kisha kuna tarehe ambayo inajulikana sana na wazungu, 1934. Mwenye boti aliniuliza kama nimewahi kusikia habari ya Kisiwa cha Kusini. Mwaka huo mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs, yule ambaye baadaye aliongoza watu wa kwanza kuvuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, alileta msafara wa wanasayansi hapa. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walibaki kisiwani kufanya utafiti. Moto wao ulionekana kutoka ng'ambo, kisha haukuonekana tena. Walitafutwa, hawakupatikana mpaka leo.

Ni hadithi nzuri kwa kontenti, si ndio? Kisiwa cha volkano, watu wawili, moto unazimika. Nilikuwa tayari kuifanya video tatu. Ila mwenye boti akaongeza, "Huo upepo umechukua wangapi wa kwetu? Babu yangu mdogo alikwenda na chelezo, hakurudi. Hakuna mtu amekuja kumwandika."

Chelezo, kwa wasiojua, ni magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja. Hakina pande, hakina injini. Unakaa juu yake, miguu majini, kwenye ziwa lenye mamba wengi, na unarusha chusa. Watu waliishi hivyo vizazi kwa vizazi, na nyavu zao walizisuka kwa nyuzi za mkoma huo huo. Sisi tunasema hao ni watu walioshindwa kuwa na ng'ombe. Mimi nilikaa kwenye boti ya mbao yenye injini dakika chache tu, na nilikuwa nimeshika ubao kwa mikono miwili.

Tarehe ya mwisho ni ya juzi, na ndiyo inayoonekana kwa macho. Omo, mto unaotoka Ethiopia, ndio unaolipa ziwa hili karibu maji yake yote. Bwawa la Gibe III lilizinduliwa huko Desemba 2016. Mwaka 2018 UNESCO ikaziweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hofu ya kila mtu ilikuwa ziwa kukauka. Halafu mvua za miaka iliyofuata zikaja kwa kishindo, na ziwa likapanda. Likameza ufuo, likameza makaburi ya wazee wao, likameza bomba lililokuwa likileta maji safi. Komote, ambayo ulikuwa unaifikia kwa miguu, ikazungukwa na maji ikawa kisiwa. Wengine walihamia bara. Wengine walibaki. Ndiyo maana mimi nilihitaji boti, na ndiyo maana watoto wanahitaji boti kila siku ya shule.

Na bomba likienda, unakunywa nini? Unakunywa ziwa. Maji yake yana magadi na floraidi nyingi, ambayo kwa miaka inaharibu meno na mifupa. Umezungukwa na maji pande zote na bado mama anahesabu mitungi.

Mtu atasema maziwa hupanda na kushuka, na ni kweli. Wakati wa Teleki ziwa lilikuwa juu sana kuliko lilivyokuwa katikati ya karne ya 20. Watu wa ziwa walijua kucheza na hilo: maji yakija, unakunja kibanda cha majani, unasogea. Lakini sasa tumewaambia watulie. Tumewaletea shule ya mawe, bomba, na kadi ya kura yenye jina la kituo. Hivyo havikunjwi. Ukishamfunga mtu mahali pamoja, ziwa likipanda deni ni lako pia.

Sasa mnaelewa kwa nini ile kapsheni ilinikwama kooni. "Kijiji kimya" ni maneno ya mtu aliyefika mwisho wa hadithi akadhani ni mwanzo. Tunapenda sana kaskazini iwe kimya. Watalii wanapenda, watu wa filamu wanapenda; sehemu za The Constant Gardener ya 2005 zilipigwa hapo Loiyangalani. Na sisi wapiga video wa nyumbani tumejifunza kutoka kwao. Tunakwenda kwa watu wetu na macho ya mgeni, kwa sababu macho ya mgeni yanapata watazamaji wengi. Mimi wa Korbesa, ambaye huchemka nikisikia mtu wa Nairobi akisema "huko mbali kwenu hakuna kitu", nilikwenda mbali kidogo zaidi nikasema kitu hicho hicho.

Nililala Layeni usiku ule. Saa kumi na mbili asubuhi niliamka kwa kelele. Boti zinaingia, wanawake wanapigana bei ya mbuta na ngege, watoto wanakimbizana na mbwa, mtu anamtukana mtu kuhusu wavu uliochanika. Sikupiga video. Mama mmoja akanipa samaki wa kuchoma kwenye sufuria ya bati, bila kuuliza kama ninakula. Nilikula. Nilikula wote.

Niliporudi Korbesa nilijua kuna mtu mmoja tu wa kumwambia. Nyanya yangu, tunamwita Akko, hanyamazi mtu akivunja mila. Nilimkuta jioni kwenye mkeka, nikamweleza safari yote mpaka nikafika kwa samaki. Nilingoja kelele.

Badala yake akaniuliza kama najua Gaaf Daaba. Kila mtoto wa Isiolo amelisikia jina hilo, wakati kila kitu kilisimama. Ni miaka ya mwisho ya vita ambavyo serikali iliviita vya Shifta, vilivyoanza 1963 na kuisha 1967. Watu wetu walikusanywa kwenye kambi, Garba Tulla, Modogashe, na hapa hapa Merti, chini ya ulinzi. Ng'ombe hawakuweza kwenda malishoni. Wengine walipigwa risasi, wengine wakafa wamesimama. Watu waliolala matajiri waliamka hawana kitu. Hiyo nayo haimo kwenye vitabu vyetu vya shule, au imo kwa mstari mmoja. Akko alikuwa mtoto mdogo ndani ya kambi hiyo.

"Mle ndani," akasema, "tulikula kila kitu tulichokuwa tukikicheka. Mama yangu alisema, leo sisi ndio wale."

Miaka hii yote nimesikia watu wakicheka wala samaki mbele yake, na hakuwahi kusema neno. Nilidhani anakubaliana nao.

Kwa hivyo ombi langu kwenu leo ni dogo. Ukienda Komote, au popote ambapo utaona mawe na maji na hakuna mtu, salimia kwanza. Uliza jina ambalo watu wanajiita. Ukiona kimya, uliza kimeanza mwaka gani. Kuna mtu ana jibu, amekaa kivulini anasuka.

Video bado iko kwenye simu, haina maneno. Nilimwonyesha Akko. Aliitazama mara mbili, macho karibu na kioo, mpaka mwisho wa sekunde arobaini. Kisha akanirudishia simu na kuuliza kwa sauti ndogo, kama anaogopa majirani wasisikie:

"Na huyo samaki, ana miiba mingi?"